Je, mnahitaji mpiga video wa harusi? Mwongozo kamili wa kuamua

Suala la video huachwa mwisho. Bajeti ikishaliwa na ukumbi, mavazi na mapambo, mtu anakumbuka kuuliza, "Na video je?" Hapo wachumba hufungua simu, wakatazama klipu za harusi za watu wengine: gauni linapepea, muziki unapanda, mtu anafuta chozi, basi. Wakipendezwa wanasema twende. Wakiona bei wanasema tuache.

Klipu hizo ni kipimo kibaya. Ukizitazama bila sauti, nyingi hazipotezi chochote, maana yake picha nzuri kumi na wimbo zingefanya kazi ileile. Kitu ambacho mpiga picha hawezi kuwapa, hata awe stadi namna gani, ni sauti: namna bibi anavyocheka, mzazi anavyokwama katikati ya sentensi, wewe mwenyewe unavyotamka maneno ya ndoa. Kwa hiyo uamuzi wote uanzie kwenye swali hili: siku hiyo kutakuwa na nini cha kusikia?

Hatua ya 1: Pitieni ratiba kwa masikio

Chukueni ratiba ya siku nzima, hata ikiwa rasimu. Mbele ya kila kipengele andikeni mambo matatu: nani atazungumza, kwa muda gani, na je, atatumia maiki au sauti yake tupu. Kisha kila mmoja wenu, bila kumwonyesha mwenzake, aweke alama kwenye vipengele ambavyo angetaka kuvisikia tena baada ya miaka 20. Linganisheni.

Kama alama zimeangukia viapo, hotuba mbili tatu za watu mnaowapenda, na labda ngoma au wimbo utakaoimbwa moja kwa moja, mna sababu ya kweli ya kumchukua mpiga video. Uzito unaongezeka ikiwa kuna ndugu mzee au mgonjwa atakayezungumza, au wazazi walio mbali ambao hawatafika. Kama alama zimeangukia mapambo, mavazi na picha za pamoja, mnachotaka ni mpiga picha mzuri. Na kama ndoa inafungwa kwa dakika 15 ofisini kisha watu wachache wanakaa kula bila hotuba, simu moja kwenye stendi inatosha. Fedha iliyobaki mtaipatia kazi nyingine.

Kabla ya kwenda mbele, ulizeni jambo ambalo watu husahau: je, mahali pa kufungia ndoa panaruhusu kurekodi? Nyumba za ibada na ofisi nyingine huzuia kamera wakati wa viapo, au huruhusu kamera moja tu iliyosimama nyuma. Kama viapo haviwezi kurekodiwa, sehemu kubwa ya thamani ya video imeondoka na hesabu yenu inabadilika.

Jambo jingine ni tabia yenu. Mmoja wenu akiwa mtu wa kujikunja akiona kamera, saa kumi za kufuatwa huku na huko zitamwharibia siku. Hiyo haimaanishi kuacha video. Kamera mbili zilizosimama mbali, bila mtu wa kuwaambia "tembeeni tena, mtazamane", hurekodi viapo na hotuba bila kumsumbua mtu.

Hatua ya 2: Jueni mnalipia nini hasa

Siku ya harusi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Mpiga video akirekodi saa nane kwa kamera mbili, anarudi na saa kadhaa za video zinazopaswa kutazamwa, kupangwa, kuoanishwa na sauti, kukatwa na kusahihishwa rangi. Video fupi ya dakika nne au tano inaweza kumla mhariri siku mbili hadi nne, kwa sababu kila sekunde imechaguliwa kati ya mamia. Kinyume chake, video nzima ya viapo, isiyokatwa bali inayobadilisha kamera tu, huweza kumalizika ndani ya nusu siku.

Hapa ndipo wachumba wengi hupoteza fedha. Kile kinachogharimu zaidi kutengeneza, yaani video fupi ya kuweka mtandaoni, ndicho kinachochosha haraka. Kile kinachogharimu kidogo, yaani viapo vizima na hotuba nzima zenye sauti safi, ndicho mtakachokirudia. Bajeti ikiwa ndogo, msiombe "kifurushi cha chini" jinsi kilivyo. Ombeni hivi: viapo vyote na hotuba zote, kamera mbili, sauti kutoka vyanzo viwili, bila video fupi, bila droni, bila asubuhi ya maandalizi. Wapiga video wengi watakubali, na bei itashuka kwa sababu mmeondoa kazi halisi.

Saa nazo zihesabiwe kwa makini. Asubuhi ya kuvaa na kupambwa hurekodiwa zaidi kwa ajili ya picha za mwendo wa polepole. Mkianza nusu saa kabla ya viapo na kumaliza baada ya hotuba ya mwisho na dakika 15 za dansi, mara nyingi saa tano zinatosha. Saa za dansi zinazofuata hufanana zote.

Swali linaloulizwa sana: fedha ikitosha mmoja tu, nani achukuliwe? Kwa familia nyingi jibu ni mpiga picha, kwa sababu picha hutundikwa ukutani na kutazamwa bila mpango. Lakini kama orodha yenu ya hatua ya kwanza imejaa hotuba na nyimbo, tunashauri mgawanyo usiozoeleka: mpiga picha kwa saa tatu, mpiga video kwa saa nne.

Jihadharini na mtu mmoja anayeahidi kufanya yote mawili peke yake. Kamera ya video kwa kawaida huwekwa shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya karibu 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa asili. Picha ya mtu anayetembea au kucheza inataka 1/250 au kasi zaidi ili isiwe na ukungu. Akiweka moja anaharibu nyingine. Kutoa picha ndani ya video ya 4K nako kuna kikomo: fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ni pikseli 3840 kwa 2160, karibu megapikseli 8, na kwa shata hiyo ya polepole mikono na nyuso nyingi zitakuwa na ukungu.

Hatua ya 3: Pimeni njia ya katikati kabla ya kuikataa

Kati ya kumlipa mtaalamu na kutokuwa na chochote kuna njia ya tatu ambayo ikifanywa vizuri hutoa video ya viapo inayotazamika kabisa. Ikifanywa ovyo hutoa saa nzima ya kisogo cha mjomba. Tofauti iko kwenye maandalizi.

Mnahitaji simu mbili, stendi mbili zinazofika angalau mita 1.8, na kitu cha tatu cha kunasa sauti. Simu ya kwanza ikae pembeni mbele, mita tatu hadi tano kutoka kwa wanandoa, ikimtazama zaidi yule ambaye simu ya pili inamwona vibaya. Ya pili ikae nyuma, juu ya vichwa vya wageni waliosimama, ikionyesha eneo zima. Tumieni kamera ya nyuma ya simu, si ile ya kujipigia. Msivute picha kwa vidole, sogezeni stendi. Lazeni simu kwa upana.

Chagueni ubora wa 1080p. Saa moja hula takriban GB 4 hadi 8 kulingana na simu, hivyo acheni GB 20 zikiwa tupu. Ubora wa 4K hula mara mbili au tatu ya hapo na hupasha simu moto. Simu iliyokaa juani ikirekodi 4K inaweza kujizima katikati ya viapo. Pale umeme unapotumia mzunguko wa 50 Hz, fremu 25 kwa sekunde hupunguza kumetameta kwa taa. Kwa 60 Hz tumieni 30. Wekeni simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ikipigwa inaweza kukata kurekodi. Bonyezeni skrini kwa muda mrefu juu ya nyuso ili kufunga fokasi na mwanga, la sivyo picha itapauka na kuingia giza kila mtu anapopita. Futeni lenzi. Hili la lenzi linaonekana dogo, lakini alama za vidole ndizo zinazofanya kila taa ya ukumbini iwe na ukungu.

Sasa sauti, maana bila hiyo mmepoteza kila kitu. Maiki ya simu iliyo mita nne mbali hunasa mwangwi wa chumba na kikohozi cha jirani kabla ya kunasa viapo. Simu ya tatu, au kinasa sauti kidogo, ikae mfuko wa ndani wa koti la mmoja wa wanandoa ikiwa na maiki ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Maiki isiguse mkufu, ua wala kitambaa kinachosugua. Iwashwe dakika 20 kabla na isiguswe tena. Vyote vikiwa vinarekodi, mtu apige kofi moja kubwa mbele ya kamera: mhariri atatumia sauti ya kofi hilo kuoanisha vifaa vyote.

Fanyeni jaribio la dakika 20 siku moja kabla, mahali palepale, kisha sikilizeni kwa spika za masikioni. Na mchagueni mtu mmoja wa kusimamia, aliyekubali kwa hiari kwamba kwa saa hiyo yeye si mgeni. Kazi ikigawiwa binamu wanne, kila mmoja atadhani mwenzake amewasha.

Mkipata faili hizo zikiwa nzima, mnaweza kumlipa mhariri peke yake baadaye, hata mwaka ukipita. Faida hii haizungumzwi sana: uhariri unaweza kuahirishwa, kurekodi hakuwezi.

Hatua ya 4: Mkiamua kumchukua, mpimeni kwa video ndefu

Msimpime kwa video zake fupi. Mwombeni awaonyeshe harusi moja nzima, kuanzia viapo hadi hotuba, iliyofanyika ndani na usiku. Akisema hana, au kwamba wateja wake hawapendi zionekane zote, mwombeni hata hotuba moja isiyokatwa. Vaeni spika za masikioni, mtazame bila haraka.

Sikilizeni kama sauti ya msemaji iko karibu au inatoka kama ndani ya pipa. Ikiwa muziki umewekwa juu ya kila hotuba, huenda unaficha sauti mbovu. Tazameni kama taa zinapiga mistari inayopanda, kama nyuso zimegeuka zambarau chini ya taa za LED, kama giza limejaa chembechembe. Halafu angalieni ni picha ngapi zinadumu zaidi ya sekunde tatu. Video yote ikiwa ya mwendo wa polepole, shukuni: mwendo huo huficha mtikisiko wa mkono, na sehemu hizo kwa kawaida hazina sauti inayotumika.

Kisha mwulizeni maswali haya, na msikilize namna anavyojibu kuliko maneno yenyewe.

Nani atakuja siku hiyo? Baadhi ya kampuni huonyesha kazi ya mtu mmoja na kumtuma mwingine. Mtakeni kwa jina, na mtazame kazi ya huyo.

Sauti ya viapo utaichukua kutoka wapi? Jibu zuri lina vyanzo viwili au zaidi: maiki mwilini mwa mwanandoa inayojirekodi yenyewe, na kinasa kilichounganishwa na mikisa ya DJ, yaani mashine yake ya kuchanganya sauti. "Nitachukua kutoka kwa DJ" pekee halitoshi. Mikisa haina sauti ya mtu aliyeongea bila maiki, na kama kinasa kimewekwa kupokea mkondo dhaifu wa maiki huku mikisa ikitoa mkondo mkubwa, sauti hupasuka na haiponi kwa programu yoyote. Maiki zisizo na waya za masafa ya 2.4 GHz nazo hukatika ukumbi ukijaa simu za wageni na Wi-Fi. Ndiyo maana ile inayojirekodi mwilini ni bima.

Kamera zako zinaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja? Kadi ya kumbukumbu ikifa, nakala ya pili ipo palepale. Na kamera ni ngapi wakati wa viapo? Baadhi ya kamera hukata zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, nyingine huzimika kwa joto. Mwenye kamera moja tu siku moja atakuwa na shimo, na shimo halichagui mahali.

Ukiumwa je? Anayejibu kwa kutaja mtu wa akiba na namna atakavyopatikana ameshalifikiria. Anayecheka na kusema hajawahi kuumwa, hajalifikiria.

Hatua ya 5: Mkataba

Mkataba uandikwe hata kama mpiga video ni rafiki. Tunasema hasa akiwa rafiki. Ugomvi mwingi hautoki kwenye ubora bali kwenye maneno ambayo kila upande uliyaelewa kivyake. "Video kamili" kwa mmoja ni dakika 90, kwa mwingine ni dakika 12. Andikeni kila kitakachotolewa kwa jina na urefu wake: viapo vyote bila kukatwa, hotuba zote, video fupi ya dakika kadhaa kama mnaitaka.

Vingine vya lazima: saa ya kuanza na kumaliza, na malipo ya saa za ziada (sherehe huchelewa, huo ndio ukweli wake), idadi ya watu na kamera, tarehe ya kukabidhi, ambapo wiki 6 hadi 12 ni muda wa kawaida na "ikiwa tayari" si tarehe, mara ngapi mnaruhusiwa kuomba marekebisho, kwa kawaida moja au mbili, kinachotokea harusi ikiahirishwa. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka mkabidhiwe kazi. Anayetaka yote kabla ya siku yenyewe amewaondolea nguvu ya kudai.

Kuhusu video ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa, amueni mapema. Wengi huzitaka, wachache huzitazama. Ni faili nzito: kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban GB 45 kila saa, na wapiga video wengi hurekodi kwa rangi iliyofifishwa makusudi ili waisahihishe baadaye, hivyo mtaona kila kitu kijivu. Badala yake dai kwamba azihifadhi kwa muda uliotajwa, mathalani miezi sita baada ya kukabidhi.

Droni isiwashawishi. Huzuiwa na upepo, mvua na sheria za anga, na mara nyingi hairuhusiwi kuruka juu ya watu. Mkiitaka, kibali kiwe jukumu lake kwa maandishi. Muziki nao: wimbo maarufu usio na leseni unaweza kufanya video yenu izimwe sauti au iondolewe mkiiweka YouTube. Mwisho, andikeni kama anaruhusiwa kuitumia video yenu kujitangaza. Kukataa ni haki yenu.

Hatua ya 6: Kabla ya siku na siku yenyewe

Mkutanisheni mpiga video na mpiga picha, MC na DJ, hata kwa simu ya pamoja ya dakika 20. Wapiga picha na video wakubaliane nani anasimama wapi wakati wa viapo. MC asianze hotuba kabla ya kumwona mpiga video akiitikia kwa kichwa. DJ aambiwe mambo mawili: taa nyeupe zibaki zimewaka wakati wa hotuba, na mwanga wa leza usielekezwe kwenye kamera, kwa sababu leza huweza kuunguza moja kwa moja sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Hilo la pili linawahusu hata wageni wenye simu.

Mpeni mpiga video orodha ya wasemaji kwa mpangilio, na majina ya watu watano au sita ambao lazima waonekane, pamoja na mtu wa kumwonyesha ni nani. Mpeni pia chakula wakati mmoja na meza yenu. Akiletewa mwishoni, atakuwa na sahani mkononi hotuba ya kwanza inapoanza.

Wasemaji wafundishwe kushika maiki: sentimita chache kutoka mdomoni, si kifuani, na wasiigongegonge kuijaribu.

Hatua ya 7: Kupokea kazi

Itazameni yote ndani ya wiki ya kwanza, kwa spika za masikioni na kwenye televisheni. Angalieni tahajia ya majina, hotuba zilizokosekana, sehemu ambapo midomo na sauti havioani. Andikeni marekebisho yote kwenye orodha moja yenye dakika na sekunde, kisha mtume mara moja. Kumtumia ujumbe kumi kwa siku kumi huleta makosa mapya.

Ombeni faili za MP4 zenye H.264 (njia ya kubana video), ambazo karibu kila televisheni na simu inazisoma. Flashi diski yenye mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 haikubali faili moja inayofikia GB 4, na video ya saa moja huzidi hapo kirahisi. Ibadilisheni iwe exFAT kabla ya kunakili, mkihakikisha televisheni yenu inaisoma. Kiungo cha kupakua mtandaoni si hifadhi, kwani vingi huisha muda. Wekeni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yenu: kwa mfano kompyuta, diski ya nje, na nakala kwa mzazi au kwenye hifadhi ya mtandaoni mnayoilipia. Tumeni malipo ya mwisho baada ya kufungua kila faili na kuitazama hadi sekunde yake ya mwisho, kwa sababu faili iliyokatika wakati wa kunakiliwa huonekana nzima mpaka mtu afike mwisho wake.